Mstari wa Saa Kumi na Dakika Kumi na Saba

Mimi ni mwepesi wa hasira, na ubaya wa hasira yangu ni kwamba hupenda kuvaa nguo za elimu. Naanza na hilo kwa sababu wanafunzi wangu wa fizikia hunisifu kuwa ni mwalimu wa ushahidi, na tangu mwaka ule wa ukame sifa hiyo hunikera.

Shule yetu iko hapa Garissa, mwendo mfupi kutoka Waberi nilikozaliwa. Juu ya paa la maabara kuna fremu ya mbao iliyozungushiwa waya mara nyingi. Hiyo ni antena. Hunasa mawimbi ya redio kutoka kituo cha wanamaji cha mbali sana, mawimbi ambayo hutufikia kwa kudunda kwenye tabaka la juu la hewa. Tabaka hilo likitikiswa, na kwa kawaida linalolitikisa ni jua, mstari kwenye kompyuta yetu hupanda. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Nairobi ndio waliotufungia mtambo huo, na kazi yangu ilikuwa kuwatumia mstari wa kila siku ukiwa msafi.

Usafi ndio uliokuwa taabu. Mashine yoyote ya umeme iliyo karibu huuchafua mstari, na adui yangu mkubwa alikuwa pampu ya kisima cha shule. Kwa hiyo tuliweka daftari. Anayewasha pampu anaandika saa, nami nikikaa kwenye kompyuta nakikata kipande hicho. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, haina nafasi. Nilichokata hakikurudi tena.

Ufunguo wa pampu aliushika msaidizi wa maabara, mzee wa miaka kama sitini aliyehamia mjini kutoka Ijara baada ya ukame wa zamani kummalizia ng'ombe. Nilimwita adeer, yaani baba mdogo, naye aliniita adeer vilevile, kwa kuwa kwetu jina hilo huenda na kurudi kati ya mkubwa na mdogo. Miaka kumi na mmoja tulikuwa pamoja katika chumba kile. Hakuwahi kuvunja chupa hata moja. Alikuwa akinitania kwamba mstari wangu umedeka kama mtoto mchanga, kila saa unataka kutazamwa, na kwamba ningeolewa mara ya pili kama ningemtazama mwanamume hivyo.

Basi mwezi mmoja kabla ya mkasa wenyewe, aliwasha pampu akasahau kuandika. Nairobi wakanirudishia kazi ya wiki nzima, wakasema haifai. Niliona aibu, na aibu hiyo nikammwagia yeye mbele ya wanafunzi. Tangu siku hiyo, Mungu anisamehe, nilikuwa nangoja akosee tena.

Jumapili moja ya Oktoba hapakuwa na mtu shuleni ila yeye. Mvua zilikuwa zimekataa kwa misimu kadhaa. Mizoga ililala kando ya barabara ya kwenda Dadaab, na wafugaji walikuwa wakileta ng'ombe waliobaki hadi kwenye mageti ya mji kuomba maji. Maji ya kisima chetu yalikuwa yameshuka, hivyo mwalimu mkuu alipiga marufuku pampu kuwashwa siku za mapumziko. Aliyevunja amri hiyo angefukuzwa. Alitutangazia wote, na barua akaibandika ukutani.

Jumatatu asubuhi nilifungua kompyuta. Jumapili, saa kumi na dakika kumi na saba alasiri, mstari ulikuwa umeruka. Nilitazama taarifa za jua kwenye mtandao, nikaona jua lilikuwa limetulia saa hiyo. Nikatoka nje hadi getini. Kulikuwa na nyayo za ng'ombe na matope mabichi, katika mwaka ambao tope lenyewe lilikuwa kitu cha kushangaza. Nikasema moyoni, leo nimempata.

Kuna jambo lazima niliseme hapa. Pampu ikiwaka, mstari huwa na manyoya, unachafuka wote kwa mkupuo kisha unakatika ghafla. Huu ulipanda safi, kisha ukashuka polepole kwa dakika kadhaa. Niliona tofauti hiyo. Sikuikosa kwa kutojua, niliiona nikaipita, kwa sababu nilikuwa tayari nimeshampata mtu wangu. Nikachapa karatasi moja kwa ajili ya mwalimu mkuu, kisha nikakikata kipande kile kama kawaida na kutuma mstari msafi Nairobi.

Mwalimu mkuu alitoka Kitui, kwa hiyo kikao kilifanywa kwa Kiswahili. Adeer alisimama karibu na mlango, kofia mkononi.

"Maji nilitoa," alisema, kwa Kiswahili chake ambacho pampu huwa bambu. "Ile watu ni ya Ijara, mimi najua wao, ng'ombe yao kumi na nne. Nilitoa mitungi yangu mbili, ile ya nyumbani kwangu. Bambu sikugusa."

"Ng'ombe kumi na nne kwa mitungi miwili?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Ya kwangu mbili, na mke ya jirani akaongeza. Ng'ombe alilamba tu. Bambu sikugusa, wallahi. Leteni Msahafu."

Kwetu mtu mzima akiomba Msahafu, mambo husimama. Watu hunyamaza, Msahafu huletwa, na akishaapa, mzigo unabaki kati yake na Mola wake. Mwalimu mkuu, ambaye si Mwislamu, alinitazama mimi aone desturi inasemaje. Nikaweka karatasi yangu mezani.

"Hakuna haja ya kiapo," nilisema. "Mstari haudanganyi."

Adeer alinigeukia. Nilidhani angekasirika, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Alionekana kama mtu aliyezibuliwa kofi na mtoto wake. Alivaa kofia, akaweka ufunguo wa pampu juu ya karatasi, akatoka. Kabla ya adhuhuri barua yake ya kufukuzwa ilikuwa imeshapigwa muhuri.

Jumanne, kipindi cha tatu, simu yangu ilitetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe kutoka Nairobi, kwa vituo vyote. Walituuliza kama tuliona chochote Jumapili, saa kumi na dakika kumi na saba alasiri.

Niliusoma nikiwa nimesimama mbele ya Kidato cha Tatu. Nyota kubwa ilikuwa imekufa, uliendelea ujumbe, mbali kiasi kwamba mwanga wake ulisafiri takriban miaka bilioni mbili kutufikia. Ilipokufa ilirusha miale ya gama, na miale hiyo ilipofika Jumapili ilikuwa na nguvu kuliko mlipuko wowote wa aina hiyo ambao wanaastronomia wamewahi kuupima. Baadhi ya vyombo vya angani vililemewa. Hata tabaka la hewa yetu wenyewe lilitikisika mchana kweupe, na vituo vya Ulaya na India vilikuwa vimeuona mstari ukipanda safi na kushuka polepole.

Nilikaa kwenye kiti cha mwanafunzi wa mstari wa mbele, naye akasimama kwa heshima. Kitu kilichopasuka kabla dunia haijawa na mnyama hata mmoja kilikuwa kimegusa paa letu, na mimi nilikuwa nimekipa jina la mzee wa Ijara.

Nilikimbilia kompyuta, ingawa nilijua. Pale palikuwa na pengo la nusu saa. Kumbukumbu pekee ya mlipuko ule katika mkoa wetu mzima ilikuwa ile karatasi niliyoichapa, nayo ilikuwa ndani ya faili la nidhamu la mtu asiye na kosa.

Mwalimu mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. "Jana ulisema mstari haudanganyi," alisema. "Leo unaniambia ni nyota. Mimi nitaiandikia bodi nini?" Kisha akaniambia kwamba nafasi imeshapata mtu, mpwa wa mjumbe mmoja wa bodi, na kwamba faili likishafungwa halifunguliwi na mwalimu. Aliniruhusu tu kuipiga picha ile karatasi. Niliituma Nairobi, nao wakajibu kwa furaha kubwa, wakanipongeza kwa macho makali. Nilizima simu.

Alasiri hiyo nilikwenda kwake. Nilimkuta uani anafunga godoro kwa kamba. Mkewe alikuwa ametangulia kukaa na mizigo barabarani, akingoja lori la Ijara. Nyumba waliyokuwa wakiishi ilikuwa ya wafanyakazi wa shule.

Sasa tulisema Kisomali, na kwa Kisomali adeer hakuwa yule mzee wa maneno ya kuokoteza aliyesimama mlangoni jana yake. Nilimwambia yote, bila kujipendelea. Nilimwambia nimemdhulumu, nimemkatalia kiapo chake mbele ya mgeni, na kwamba nitalisema hilo mbele ya walimu wote. Alisikiliza huku anakaza fundo. Kisha akaniuliza kuhusu nyota, kwa makini, jinsi alivyokuwa akiuliza kila kitu maabara.

"Huo moto ulitoka huko kabla ya Adamu?"

"Kabla ya Adamu, adeer. Kabla ya chochote chenye miguu."

"Na wakati wote huo ulikuwa njiani?"

"Ulikuwa njiani."

"Na habari yake ilikufikia leo."

"Leo asubuhi."

Alitikisa kichwa, akalibeba godoro begani. Nilitaka kulishika upande wa pili, akanizuia kwa mkono, taratibu tu.

"Moto umetembea umbali wote huo usichoke," alisema. "Wewe, adeer, ulitakiwa kuningojea siku moja."

Nilisimama uani peke yangu mpaka nikasikia lori likiondoka.