Kitanda Kilichomgeuza Albert

Hapa sokoni Kashikishi watu wanamcheka Chouchou kwa ajili ya kitanda cha hospitali. Mimi simcheki, na anayemcheka mbele yangu akatafute samaki kwingine.

Chouchou na mumewe Albert walikimbia vita Kongo, sasa wanauza chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu. Moyo wa Albert ulipochoka, maji yalimjaa mapafuni, hakuweza tena kulala chali. Chouchou alimwegemeza kwa magunia, akamgeuza ubavu huu na ule mpaka mgongo ukamuuma yeye mwenyewe. Tulipotaka kumsaidia alitufukuza. Ni mkaidi yule!

Hospitalini Albert akapewa kitanda cha umeme. Kinamwinua kichwa, kinamlaza upande huu, baadaye upande ule, ili ngozi isichubuke na pumzi ipate nafasi. Chouchou alikitazama kama mke mwenza.

"Sasa miye nitafanya nini?" alimuuliza nesi Mwenya.

Nesi alikuwa na wagonjwa wengine. Chouchou akafanya kama tunavyofanya sote tunaouguza: sufuria, mkeka na gunia la chisense akavisukuma chini ya kitanda. Kitanda kilipoinama kumgeuza Albert, chuma chake kikakwama juu ya sufuria, kichwa cha mgonjwa kikabaki chini. Albert akaanza kutweta, midomo ikabadilika rangi.

"Ba mama, mutoe bile bintu!" Mwenya alipiga kelele, akionyesha vitu vilivyo chini ya kitanda.

Chouchou alivivuta vyote, dagaa wakatapakaa sakafuni, na hapo ndipo wenzangu wanapocheka. Kitanda kikapanda, pumzi ikarudi. Lakini Chouchou aliona kwamba nusura amuue mumewe kwa mikono yake. Akaenda kuketi mbali, hakuthubutu kugusa kitu.

Kitanda kikamgeuza Albert upande wa ukuta.

"Chouchou, uko wapi?" Alikuwa na hofu. "Niko naona kibambazi tu."

Chouchou akanyanyuka, akabeba kiti, akajibana kati ya kitanda na ukuta ili mumewe amwone.

Nilipokwenda kuwajulia hali, Albert alikuwa ametazama dirishani, mota ya kitanda ndiyo kwanza imeanza kunguruma ili kumgeuza. Chouchou alikuwa ameshahamia upande wa pili, wa ukutani, amesimama na kiti mkononi, anamtazama mumewe kisogoni.

"Kaa basi, upumzike," nikamwambia.

"Ngoja kwanza," akasema. "Iko anakuja huku."