Kidole cha Sukari

Mwezi uliopita nilipanda ndege kwenda Sumbawanga, na pembeni yangu aliketi mama kijana mwenye mtoto mchanga. Ndege ilipoanza kushuka mtoto akalia kile kilio cha ghafla, cha kukunja magoti hadi tumboni. Mama wa watu akatikisa funguo, akawasha simu, akaimba. Wapi.

Nikamwambia taratibu, "Mwanangu, mnyonyeshe. Ndege ikishuka masikio yanaziba, naye bado hajui kumeza mate kama sisi. Akinyonya yatafunguka."

Akajifunika khanga, na baada ya muda mfupi mtoto akanyamaza. "Asante mama. Halafu hata shikamoo sijakupa! Wewe ni nesi?"

Nikamjibu kwamba mimi ni mwalimu mstaafu tu. Jambo hilo nilijifunza angani, katika safari ya kwenda huko huko, nikiwa msichana mdogo wa shule ya msingi. Sikumweleza zaidi, maana tulikuwa tunatua. Wewe nitakusimulia, tena polepole, kwa sababu mambo yenyewe ni ya zamani na mengine yanataka maelezo.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Baba alikuwa karani wa serikali Dar es Salaam, na mtumishi akienda likizo nyumbani kwao alilipiwa nauli yeye na familia yake. Kwetu nyumbani ni Ufipa, juu kwenye uwanda, ambako bibi mzaa baba alikuwa anaishi. Siku zote tulisafiri kwa treni, kisha kwa lori. Mwaka huo mvua za Desemba ziliharibu barabara mpaka malori yakawa yanalala njiani, ndipo baba akapewa tiketi za ndege. Majirani walikuja kututazama tukifunga mizigo kama watu wanaosindikiza mahujaji.

Lakini furaha yangu haikuwa ndege. Furaha yangu ilikuwa mdogo wangu wa kiume. Kabla hajazaliwa nilikuwa mtoto peke yangu katika nyumba ya wazazi wasiopenda maneno mengi, na nilizoea kusimulia habari za shule kwa kuku. Alipozaliwa, nikapata mtu. Nikirudi shule mama alinifunga naye mgongoni kwa khanga, na hapo nilikaa naye hadi jua linazama. Nilicheza rede naye mgongoni, nilipepeta mchele naye mgongoni. Alipoanza kusema, neno lake la kwanza lilikuwa "dada", na mama akanuna siku nzima.

Sasa, mama alikuwa na mimba tena. Siku zile iliaminika kwamba maziwa ya mjamzito humdhoofisha mtoto, hivyo mdogo wangu alipaswa kuachishwa ziwa upesi. Jirani yetu alileta shubiri, ile dawa chungu, mama apake. "Na ukishaanza usirudi nyuma," alimwonya. "Ukimpa hata mara moja, umeanza upya." Mama akaanza siku chache kabla ya safari. Hakuna kati yao aliyewahi kupanda ndege, na hakuna aliyejua habari za masikio.

Uwanjani walitupima kwenye mizani, watu na mizigo, kama mahindi ya ushirika. Mimi nilipanda mizani mdogo wangu akiwa mgongoni. Karani akaangalia mshale, akaandika uzito mmoja kwa sisi wawili, akatupungia mkono tupite. Nililipenda sana jambo hilo. Nilitembea kwenda kwenye ndege kama mtu aliyepewa cheti.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, yenye kelele kama mashine ya kusaga. Tulipokaribia Ufipa ikaanza kushuka, na mdogo wangu akalipuka. Alilia mpaka midomo ikabadilika rangi. Nyuma yetu aliketi mfanyabiashara wa mjini Sumbawanga, mzee wa kofia na kanzu, mwenye duka na malori.

"Mama, mpe ziwa!" akapaza sauti kuishinda injini. "Masikio hayo!"

Mama akainamisha kichwa. "Lina shubiri, mzee. Tunamwachisha."

"Shubiri? Angani? Basi hata mimi ningelia!"

Abiria wote wakacheka, isipokuwa mama na mdogo wangu. Miguuni kwangu kulikuwa na kapu lenye zawadi za bibi, na ndani yake sukari, iliyokuwa adimu, aliyoikusanya mama kidogo kidogo. Nikalowanisha kidole cha shahada kwa mate, nikakichovya kwenye ile sukari, nikamtia mdomoni. Akauma kwanza. Halafu akanyonya. Akanyonya kwa bidii, huku ananitazama kwa macho yaliyojaa machozi, na kabla magurudumu hayajagusa nyasi alikuwa amelala. Pale chini mlinzi wa uwanja alikuwa anafukuza ng'ombe kwa baiskeli ili tupate pa kutua.

Tangu saa ile hakulala tena bila kidole changu.

Kijiji cha bibi kilikuwa kimehamishwa. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari kama viti vya darasani, na bibi alilalamika kwamba mlangoni pake sasa anaona mgongo wa nyumba ya jirani badala ya shamba lake. Kulikuwa na baridi, na upepo unaopita bila kuzuiwa na mti wowote, na ule moshi wa jikoni unaokaa kwenye blanketi. Tulikula ugali wa ulezi, mweusi na mzito, kwa maharage na samaki wakavu kutoka ziwani.

Bibi alitupokea kwa vigelegele, akaninyang'anya mdogo wangu mgongoni. "Mume wangu amefika!" Huo ndio utani wa bibi na mjukuu wa kiume, na mjukuu wa kike, kwa utani huo huo, anakuwa mke mwenza. Akanikonyeza. "Mke mwenzangu, umemtunza vizuri. Sasa ni zamu yangu."

Nilidhani ni utani tu. Siku iliyofuata, baba aliporudi kutoka kusaidia shambani, nilisikia yaliyobaki. Mtoto anayeachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi, ili asahau. Mdogo wangu angebaki, sisi tungerudi.

"Na mimi nibaki," nikasema.

"Na shule?" baba akauliza.

"Hata huku kuna shule."

"Na mama yako atasaidiwa na nani mtoto mwingine akizaliwa?"

Jibu langu lilikuwa kidole. Nilijipa moyo kwamba siku ya safari ikifika mtoto atakataa kulala, wataona wenyewe, na watasema basi, twende naye. Kwa hiyo sikumruhusu mtu mwingine kumlaza. Nilimlaza mchana, nilimlaza jioni. Sukari ilipopungua nilikwangua karatasi iliyofungiwa.

Bibi hakunigombeza. Alinichukua shambani, akanifundisha kilimo cha kwao, cha ntumba. Baada ya masika, aliniambia, nyasi hukatwa na kufukiwa ndani ya matuta ya mviringo, marefu kunizidi kiuno. Zinaoza humo. Desemba matuta yanabomolewa, udongo unatawanywa, ulezi unasiwa juu yake. Nilimuuliza nyasi zimekwenda wapi, maana sikuona hata jani.

"Zimo," akasema kwa Kiswahili chake kilichojaa Kifipa. "Utaziona kwenye ulezi."

Alasiri moja mama alinituma kisimani. Kisima kilikuwa mbali, kulikuwa na foleni, na wasichana wa pale walitaka nitamke maneno ya Kifipa ili wanicheke. Niliporudi na ndoo kichwani nikamkuta bibi amekaa kwenye mkeka barazani, miguu ameinyoosha, mdogo wangu amelala mapajani pake. Kidole cha bibi kilikuwa mdomoni mwake. Kando yao palikuwa na kibuyu kidogo cha asali.

Bibi akainua macho, akacheka bila sauti asimwamshe. "Mke mwenzangu, leo mume kalala kwangu."

Nikatua ndoo. Nikaenda nyuma ya nyumba ya jirani, kwenye ule ukuta aliouchukia bibi, nikasimama pale mpaka nikaitwa kula.

Siku ya kuondoka bibi alimbeba asubuhi, akaenda naye shambani. Mtoto anayeachwa haagwi, walisema. Akiona watu wanaondoka ataugua. Niliiona khanga yetu, ile ya mgongoni kwangu, ikipotea katikati ya matuta yaliyobaki. Kule uwanjani Sumbawanga karani wa huko, aliyetuona tukishuka, aliuliza, "Si mlikuja na mtoto?" Baba akajibu, "Amebaki kwa bibi yake." Nikapanda mizani. Mshale ukasimama mapema. Ndege ilipopaa, masikio yakaniziba, na nikatia kidole mdomoni, mtoto mkubwa wa shule, nikaangalia dirishani. Mama aliniona. Akanivuta kwake. Hata yeye khanga yake ilikuwa imelowa kifuani.

Yule mtoto aliyetarajiwa hakuishi. Baba akaandika kwamba sasa mdogo wangu arudishwe, na bibi akajibu kwa kumtuma mtu: nyumba ya bibi haikosi mtoto, mnataka nizungumze na nani? Nilipomsikia mjumbe yule sikumlaumu bibi, kwa sababu nilijua maana ya kuzungumza na kuku. Tulipokwenda likizo nyingine, kwa lori, mvulana mmoja alijificha nyuma ya gauni la bibi akauliza kitu kwa Kifipa. Baba akanitafsiria: anauliza hawa ni akina nani. Bibi akamsukuma mbele. "Salimia wageni." Akanishika mkono kwa adabu, akasema, "Shikamoo."

Hakufanyiwa ubaya, usije ukanielewa vibaya. Alilelewa vizuri kuliko mimi. Akawa mkulima hodari huko huko Ufipa, upande wa kijiji cha Kate, mtu wa watu, mcheshi kwa Kifipa na mpole kwa Kiswahili. Mazishi ya bibi aliyasimamia yeye, na ya baba, na ya mama. Kila tulipoonana tuliulizana habari za afya na mvua.

Mwezi uliopita alikuja kunipokea uwanjani. "Shikamoo dada, pole na safari," akachukua begi. Njiani nilitafuta vitu vyangu. Ile mistari ya nyumba imevunjika, watu wamejenga watakapo. Ya bibi haipo, mahali pake pamelimwa. Ntumba nilizoziona ni chache. Siku hizi, alinieleza, wengi wanalima kwa trekta na mbolea ya dukani. Yule mama kijana niliyekaa naye kwenye ndege alikwishapotea pale uwanjani, katikati ya watu waliokuja kumpokea.

Nyumbani kwake mjukuu wake alikuwa analia, mtoto wa rika lile lile. Mama yake mtoto alikuwa amekwenda mnadani. Mdogo wangu, ambaye nywele zake sasa ni nyeupe kuliko zangu, akaketi kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akamlaza mapajani. Akavuta kopo la asali, akachovya kidole cha shahada, akamtia mdomoni. Kilio kikakatika.

"Umeona?" akaniambia kwa fahari. "Dawa ya bibi hiyo. Alinilea nayo. Sijui yeye aliitoa kwa nani. Nafikiri ni mambo ya Wafipa wa zamani. Nyie watu wa Dar hamyajui."

Niliangalia kile kidole, na jinsi mtoto alivyokuwa anamtazama usoni huku ananyonya.

"Huenda," nikasema. Kisha nikanyoosha mikono. "Nipe na mimi nimshike kidogo."

"Subiri kwanza alale, dada," akajibu kwa upole. "Hajakuzoea."