Mukaka Akataa Kuungua na Sokulu

Nyanya yangu mzaa baba, ambaye kwetu tunamwita Mukaka, alihamia chumbani mwangu siku moja ya Kwaresima. Alikuja na godoro jembamba kichwani na rozari shingoni. Baba alidhani amefukuzwa. Mama alidhani ni mgonjwa. Yeye alikaa kwenye kitanda changu, akavua viatu, akasema kwamba ametoka katika dhambi.

Dhambi yenyewe ilikuwa babu yangu, Sokulu.

Walioana kijijini Masereka wakiwa vijana, kwa desturi. Mbuzi za mahari zilipelekwa, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, wazee wakabariki. Kanisani walisema wataenda baadaye. Kwanza hapakuwa na gauni, halafu baba yangu akazaliwa, halafu vita vikawasukuma mpaka mji wa Butembo, halafu wakazoea. Kila padri aliyeuliza habari ya ndoa alijibiwa na Sokulu kwamba Mungu aliziona zile mbuzi. Mukaka alienda Misa kila Jumapili, na wakati wa Komunio, ambayo hakuruhusiwa kupokea bila ndoa ya kanisa, alibaki kwenye benchi akikunja magoti kuwapisha wengine. Nilipokuwa mdogo nilifikiri hiyo ndiyo kazi aliyopewa na parokia, kama vile wengine walivyopewa kupiga kengele.

Kilichobadilisha mambo ni kifo cha mzee jirani aliyeishi vilevile, bila ndoa ya kanisa. Mwili wake ulipita mbele ya parokia bila kuingia. Katekista alisali sala fupi kaburini, mvua ikinyesha, watu wakatawanyika. Mukaka hakurudi nyumbani. Alimfuata katekista na kumwuliza yule mzee yuko wapi sasa. Katekista ni mtu mwangalifu, akajibu kwamba Mungu peke yake ndiye anayejua. Jibu hilo lilimtisha Mukaka kuliko kama angeambiwa yuko motoni. Akauliza habari zake mwenyewe. Akaelezwa kwamba mtu anayejua kuwa jambo ni zito, akalikubali, akaendelea nalo, amesimama ukingoni, na kwamba kwake dawa ni mbili tu: kufunga ndoa, ama kuishi na Sokulu kama kaka na dada.

Jioni hiyo alimtangazia Sokulu kwamba kuanzia leo yeye ni kaka yake. Sokulu aliuliza ni dada wa aina gani anayemwamuru kaka yake aoge. Mukaka akamwambia basi wafunge ndoa. Hapo Sokulu alikasirika kweli. Alisema hawezi kufundishwa ndoa na katekista aliyezaliwa wakati yeye tayari ana mvi. Jibu la Mukaka tulilisikia mara nyingi, kwa maana alilirudia kwa kila mgeni aliyeingia kwetu:

"Sitake kuenda mbinguni peke yangu. Na kuunguwa pamoja na weye, ile pia sitake."

Nyumba yao ilikuwa na chumba kimoja cha kulala. Ndiyo maana nilipata mwenzangu kitandani, mimi mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima niliyekuwa nimezoea kujinyoosha. Mukaka alisali akiwa macho na akasali akiwa usingizini. Nilijifunza litania ya watakatifu wote bila kupenda.

Sokulu alikuja kesho yake. Alikaa sebuleni bila kuvua kofia na kumwambia baba kwamba mapadri wamemwibia mke. Baba, aliyefunga ndoa ya kanisa na hakuwahi kufikiria ya wazazi wake, alikuna kichwa. Mukaka alileta chai, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, akaniagiza nikae katikati yao. Katekista alikuwa amemwambia wasikae peke yao. Hivyo ndivyo nilivyopata kuwa mlinzi wa babu na nyanya yangu.

Sokulu alikuja kila jioni akitoka shambani. Hakumsemesha Mukaka moja kwa moja. Alinitazama mimi na kusema, "Umuulize huyu dada yangu, kisu aliweka wapi." Mukaka alinijibu mimi kwamba kiko nyuma ya mlango, mahali kilipo siku zote. Nilipeleka maneno kutoka kiti hadi kiti, hatua mbili, kama posta.

Alipochoka kula bugali yake mwenyewe, iliyokuwa mbichi katikati, Sokulu alipanda gari kwenda Beni kwa baba mudogo, yaani mdogo wake baba. Alisema kule watoto bado wanaheshimu wazazi. Jirani wa baba mudogo ni Mwislamu, mchuuzi wa mchele mwenye lori linalokwenda Butembo na kurudi, na wazee hao wawili walizoeana haraka kwenye benchi la mbele ya duka. Baba mudogo alitupigia simu akicheka mpaka sauti inakatika. Sokulu alikuwa amemwuliza jirani kama kwao ndoa ingekubalika kwa zile mbuzi za zamani, bila maneno mengine. Jirani alimweleza kwa upole kwamba kwao pia wanahitajika mashahidi, na kwamba mwanamke lazima aulizwe. Sokulu akasema basi taabu ni ileile kila mahali.

Jirani akamwuliza, "Muzee, huyu mama unamutaka ao humutake?"

"Namutaka sana."

"Sasa shida iko wapi?"

Baba mudogo alisema kwamba Sokulu alijifanya kutazama pikipiki zinazopita. Asubuhi alirudi Butembo ndani ya lori la mchele, vumbi hadi kwenye nyusi, na kabla ya kunawa akaenda kuandikishwa mafundisho ya ndoa.

Aliketi kati ya vijana wachumba, mimi mlinzi nikiwa katikati yake na Mukaka. Siku ya somo la malezi ya watoto alimrekebisha katekista kuhusu mapacha. Siku walipoelezwa kwamba mbinguni watu hawaoi wala hawaolewi, alisimama na kuuliza basi kwa nini wanasumbuliwa namna hii. Katekista alijibu kirefu, Sokulu akakaa. Tulipokuwa njiani kurudi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yote ameelewa, lakini huko juu akifika salama atamtafuta Mukaka tu, hata kama ni kumsalimia.

Pasaka ikapita, ndoa ikakaribia. Jumamosi iliyotangulia ilikuwa ya maungamo. Mukaka aliungama haraka, akatoka na uso mwepesi. Sokulu, ambaye hakuwa ameungama tangu ujana wake, aliingia na kukaa mpaka watu wa mstari wakatafuta mahali pa kuketi. Alipotoka alitupita, akaenda uani, kofia imekunjwa mkononi. Mukaka alinituma nimfuate.

Nilimkuta amesimama chini ya paa la sakristia. Aliniambia kwamba amesema yote, hata mambo ya kule kijijini Kipese ambayo sisi hatuyajui wala hatutayajua. Kisha padri akafika kwenye habari ya kuishi na Mukaka bila ndoa, akamwuliza kama anajuta.

"Mi nikamwambia, hapana. Mambo ingine yote najuta. Ile sijute. Nidanganye Mungu, ndani ya kanisa yake?"

Basi hakuondolewa dhambi.

Nilimrudia Mukaka. Alikuwa tayari amejiandaa kugomba, niliona alivyokaza midomo. Nilimweleza. Akaniomba niseme tena.

"Alisema hajute?"

"Hajute, Mukaka."

Alitazama rozari yake kwa muda. Halafu aliinuka, akanipita mimi mlinzi wake, akaenda uani peke yake. Mimi nilibaki mlangoni, mbali kidogo, kwa sababu kazi ni kazi. Sikusikia walichosema. Niliona tu akimpangusa vumbi begani, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Baadaye padri alitoka kupunga hewa. Ni kijana, na alikuwa na joto. Mukaka alimkabili, naye padri, aliyefungwa na siri ya maungamo, akasema hajui chochote na hakusikia chochote, mpaka mzee mwenyewe ataje. Sokulu akataja, mbele yetu wote.

Padri alisema, "Muzee, hakuna mutu anakuomba ujute huyu mama. Ujute kuchelewa."

Sokulu alifikiri. Tuliona kwamba anafikiri kwa bidii.

"Kuchelewa? Ile najuta. Najuta tangu Masereka."

Padri akatuomba tusogee mbali, akamwinamia, akamwekea mkono kichwani palepale chini ya paa.

Siku ya ndoa walisimama na wachumba wengine, wao wakiwa wa mwisho. Padri alipouliza kama wamekuja kwa hiari yao bila kulazimishwa, Sokulu alimtazama Mukaka kwanza, akajibu kwamba mwanzoni alilazimishwa kidogo lakini sasa ni hiari. Kanisa zima lilicheka. Padri alirudia swali na kumwomba ajibu kwa neno moja. Alijibu. Mukaka alipopokea Komunio alipiga magoti akakaa hapo mpaka kwaya ikamaliza beti zote na kuanza upya.

Wasimamizi wao, parrain na marraine, walikuwa bwana na bibi vijana wa mtaa wetu, wa umri wangu. Kwenye karamu marraine, mtoto mgongoni, alimchukua Mukaka pembeni kumpa mashauri ya ndoa. Mukaka alimsikiliza akiinamisha macho kama bibi-arusi yeyote, akashukuru. Halafu alinijia na kuninong'oneza kwamba ameonywa asifungue simu ya bwana wake bila ruhusa. Sokulu hana simu.

Waliondoka kabla ya giza. Sokulu alimwuliza baba kama sasa wanaweza kutembea bila mlinzi, baba akasema wanaweza. Sokulu akavua viatu vipya vilivyombana, akavishika mkononi, wakashuka njia yenye matope, Mukaka nyuma yake akimwonyesha wapi pa kukanyaga.