Boila Lililoogopa Wageni

Clifford Hoyle ni fundi wa boila, mitambo ya kuchemsha maji ya kupasha nyumba joto, hapa Todmorden, Uingereza, tangu enzi zile ana nywele, na hamwamini mtu. Ukimwambia boila limezimika, analigusa kwanza. Ukimpa chai, anainusa. Siku moja mkewe alimwambia anampenda, jamaa akauliza, "Kwani umefanya nini?"

Akiingia nyumbani kwako huanza na lile neno la mafundi wote: "Nani alikufungia kitu hiki?" Bi Enid Sugden alimjibu, "Wewe, Clifford. Mwaka aliofariki mume wangu." Clifford akakohoa, akasema kimefungwa vizuri sana.

Mambo yalianza Novemba. Boila la Bi Enid likawa linanguruma kama birika lililosahaulika motoni, halafu linagonga: gu, gu, gu. Kwanza alinishuku mimi, maana tunagawana ukuta.

"Wewe, unajenga nini huko ndani?"

"Bi Enid, mimi sijashika nyundo tangu nioe."

Hakuniamini. Akamwita bintiye, Lorraine, aje asikie mwenyewe. Lorraine akakaa saa nzima. Boila kimya, kama mtoto aliyeiba sukari. Akaja mara ya pili, ya tatu, kimya. Mara ya nne akaja na karatasi za nyumba ya kutunzia wazee, zina picha ya bustani.

"Mama, unasikia vitu ambavyo havipo."

"Nasikia boila!"

"Ijumaa tutakwenda kupaona. Kuona tu."

Bi Enid amekaa nyumba ile miaka hamsini na moja. Anawajua wengi waliokwenda kuona tu, na hakuna aliyerudi. Ndipo akamwita Clifford, na mimi akaniita niwe shahidi.

Clifford akafungua boila, akaegemeza ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, kama daktari. Lilikuwa linavuma polepole, safi kabisa. Akazunguka nyumba akigusa rejeta za ukutani, zile zinazopitisha maji moto ya boila kupasha vyumba, chumba hadi chumba, hata ile ya ngazini. Zote moto.

"Halina kitu."

"Kwa hiyo na wewe unaniona nimechanganyikiwa?"

"Mimi simwamini mtu, mama. Hata boila."

Akabeba mkoba wake, akaaga, akabamiza geti lisikike. Lakini hatukuondoka. Alinivuta nikae naye ndani ya gari, nadhani bado alinishuku, akala pai yake ya nguruwe huku macho yakiwa kwenye dirisha la Bi Enid. Ilipopita nusu saa tukarudi kwa mlango wa nyuma, bila hodi.

Gu, gu, gu! Boila linatetemeka. Na Bi Enid yuko ngazini, ameinama, mkono kwenye koki ya rejeta.

"Unafanya nini, mama?"

Akashtuka. "Nafunga! Mmeshaondoka, nipashe ngazi moto ya nini? Ngazi inaugua mafua?"

Clifford akagusa rejeta zingine. Zote zinapoa, isipokuwa ya jikoni.

"Na wageni wakija?"

"Nazifungua. Ulitaka wakae kwenye baridi, waende wakaseme Enid bahili?"

Clifford akaketi kwenye ngazi. "Mama yangu, umeliziba koo. Maji yanakosa pa kwenda, yanachemkia humo humo ndani. Hata wewe ungepiga kelele."

Bi Enid akawa mwekundu usoni kwa aibu. "Usimwambie Lorraine kwamba mimi ndiye ninayefunga."

Ijumaa Lorraine akaja na koti tayari. Clifford alikuwa ameshafunga koki zote kwa mkono wake, kabakiza ya jikoni. Gu, gu, gu!

"Unasikia?" akamuuliza.

Lorraine akashika kifua. "Nasikia."

"Basi mama yako ana masikio mazima. Ni njia ya maji tu, narekebisha leo."

Lorraine akazirudisha zile karatasi kwenye mkoba, akamkumbatia mama yake. Clifford akafungua koki zote. Ile ya ngazini akaing'oa kichwa isifungike tena, maji yawe na pa kupita siku zote, akakitia mfukoni.

Boila halijagonga tena, na Bi Enid yuko pale pale nyuma ya ukuta wangu. Ila akikutana na Clifford sokoni humkaba: "Koki yangu iko wapi, mwizi wewe?" Juzi alimpapasa mfuko wa koti mbele za watu.

Kwa hiyo Clifford amenipa mimi kile kichwa cha koki nikitunze. Nikajiona nimeaminiwa. Lakini kila Jumamosi anakuja kukihesabu. Kimoja.