Miguu Safi ya Epifania

Ukitaka kujua kwamba Pasaka imekaribia kwetu Iloilo, usitazame altare, tazama miguu. Kila aliyechaguliwa kuigiza mtume katika misa ya Alhamisi Kuu hujifungia kusugua miguu, ili padri akija kuiosha asikute uchafu. Yesu mwenyewe angeshangaa.

Epifania, muuza vitumbua, ndiye aliyepita kiasi. Alisugua visigino kwa jiwe, akapaka mafuta ya nazi, akamalizia na rangi nyekundu kwenye kucha. Mumewe Teban akaguna.

"Mke wangu, unakwenda kuoshwa au kuposwa?"

"Nyamaza. Yako wangeiosha kwa jembe."

Moyoni hakupitisha hata kitambaa. Tangu Krismasi alikuwa akiwaambia wateja kwamba jirani yake Rustica, naye muuza vitumbua, husaga mchele wenye funza. Uongo mtupu. Rustica aliuza kumzidi, basi. Tangu hapo hawakusalimiana.

Alhamisi mitume wakakaa mbele ya waumini. Padri Anselmo akaleta beseni, akajaribu kupiga magoti, kiuno kikamkatalia. Akajishikilia kwenye kiti, uso kama wa mtu aliyekula ndimu.

"Wanangu, leo kila mtume amwoshe aliye kulia kwake."

Kulia kwa Epifania alikaa Rustica, katoka shambani moja kwa moja, matope ya mpunga hadi kwenye vifundo.

Epifania akaganda. Ampigie magoti huyu, mbele ya parokia nzima? Macho yote yakamgeukia. Akapiga magoti. Akaushika ule mguu kama anayeshika panya.

"Ungenawa kwanza, dada," akanong'ona.

"Niliambiwa kuna kuoshwa. Ningekuja safi, ningefuata nini?"

Neno likamchoma. Akasugua bila kuinua uso, maji yakageuka tope.

"Rustica, mchele wako hauna funza."

"Najua. Naupepeta mwenyewe."

"Nilikuzulia. Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe. Ila hukunizulia masikioni mwangu, shoga. Waambie uliowaambia."

Kupiga magoti kumbe ndiko kulikuwa rahisi. Misa ilipokwisha, Epifania akasimama mlangoni, akawazuia kina mama, akasema yote, hata ule wivu. Bibi mmoja akauliza, "Na vitumbua vyako je, vina funza?"

Rustica akacheka wa kwanza. "Havina. Ni vigumu tu, funza watang'oka meno."

Akamshika Epifania mkono, wakarudi ndani kusali.