Makorongo Yetu

Kosa langu la kwanza katika uhifadhi wa ndege lilikuwa la herufi mbili: nilifuta "wa" nikaandika "ya".

Mwanzoni nilikuwa nimepatia. Bango lilisomeka, "Makorongo wetu wako hatarini. Tuwalinde." Lakini mimi nikishafunga mlango hurudi kuujaribu mara tatu. Ndege nimejifunza mwenyewe, kwa simu na kwa kitabu kisicho na jalada. Sarufi nayo hivyo hivyo. Nikajiuliza: mashamba yetu, mayai yetu, makanisa yetu, iweje makorongo wetu? Nikaona aibu kwa niaba ya kikundi chetu cha uhifadhi, chenye wanachama saba, watano wakiwa viongozi. Nikafuta, nikapaka rangi upya, nikapima nafasi za herufi kwa rula. MAKORONGO YETU YAKO HATARINI. TUYALINDE. Katibu alilisifu. Mwenyekiti wa kikundi alipiga nalo picha akiwa ameshika mkasi, ingawa hapakuwa na utepe.

Tulilisimika Nakwa, kando ya ziwa, karibu na matete ambamo korongo wawili wenye vishungi vya dhahabu walikuwa wametaga. Ndege hawa wanazidi kupungua, na hicho ndicho kiota pekee nilichokijua. Kila asubuhi nilikwenda kukitazama kwa mbali, baada ya kulikagua bango kwanza.

Jambo ambalo sikulifikiria hata mtoto wa darasa la kwanza hapa Babati analijua: kwa mkulima, korongo ni lile shimo refu linalochimbwa na maji ya mvua, linalolila shamba kidogo kidogo.

Jumamosi moja nikakuta msaragambo, kazi ya pamoja ya mtaa. Karibu mtaa mzima ulikuwa umetoka na mapanga. Wanaume walikata matete, wanawake waliyafunga mizigo na kuyapandisha mlimani kuziba korongo. Walikuwa wamebakiza kama hatua ishirini kukifikia kiota. Ndege mmoja alikuwa amesimama nje ya matete, shingo juu, akitazama.

"Shikamoo mama," nilimwambia mama mmoja mwenye mzigo kichwani. Shamba lake ndilo lililoliwa zaidi.

"Marahaba mwanangu. Unachelewa kwenye kazi yako mwenyewe! Miaka yote tunalia na hili korongo, leo ndiyo mmekumbuka kutuandikia bango."

Mwenyekiti wa mtaa, mwalimu mstaafu, akaja akifuta jasho. "Kingo zikishikwa, korongo halitanuki. Si ndiyo kulinda huko?"

Ningeweza kusema ukweli hapo hapo. Badala yake nilisema, "Kimsingi, mzee, bango lina tafsiri pana. Sisi kama wadau..."

"Ongea Kiswahili, mwanangu," mama akanikatiza.

Mapanga yaliendelea. Hatua kumi na tano. Naungama: kwa dakika nzima nilipima kipi kibaya zaidi, mayai kupotea au watu wote wale kujua kwamba nimekosea. Sijivunii kwamba nilihitaji dakika.

"Korongo ni ndege," nikasema. "Yule pale, na mwenzake yuko kwenye mayai humo kwenye matete. Niliandika vibaya."

Kicheko kilichotoka hapo nadhani kilisikika hadi kijiji cha Sigino. "Kaka," dereva mmoja wa bodaboda akasema, "yaani ndege umemwita shimo?"

"Kwa hiyo madaktari nao ni madaktari yetu?" mwalimu akauliza.

"Hapana, mzee."

"Na maaskofu? Maaskofu yetu?"

"Hapana, mzee."

Mama hakucheka. Alitua mzigo, akapaza sauti kuelekea matete: "Acheni! Kuna mzazi amelalia mayai humo!" Mapanga yakanyamaza. Kisha akanigeukia. "Haya, ndege wako amepona. Na korongo letu je?"

Akanishika mkono akanipandisha hadi kwenye ukingo, akanionyesha njia ya maji. Tope lote la pale juu lilikuwa likishuka moja kwa moja kwenye matete ya kiota. Wiki zote zile nilikuwa nimekitazama kiota kwa darubini ya kuazima, na sikuwahi kugeuza shingo nitazame nyuma yangu.

Tukakubaliana matete yakatwe upande wa barabarani. Nilibeba mizigo hadi jioni, na kila niliyepishana naye alinisalimia, "Habari ya makorongo yetu?" Kabla hatujamaliza, ndege alirudi akaingia kwenye matete. Wiki kadhaa baadaye niliona vifaranga wawili wakiwafuata wazazi wao kwenye majani mafupi.

Nimeacha kukagua maandishi yangu peke yangu. Kabla ya kuweka lolote mbele ya watu, humsomea mama yule kwa sauti, naye hunisahihisha. Bado inaniuma, ila kidogo kuliko zamani.