Kaburi la Filamu ya Pili

Katika filamu ya kwanza tulikuwa wawili, na tayari tulikuwa wazee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi niliyestaafu. Mwenzangu alikuwa mchimbaji wa zamani, mwenye kofia ngumu ya mgodini, ile tunayoiita kaske, ambayo alikataa kuirudisha siku aliyoacha kazi. Tuliigiza walinzi wa mtaa waliochoshwa na wezi. Tulipanda baiskeli moja, yeye akiendesha, mimi nyuma na rungu, tukiwafukuza majambazi mpaka tunaangukia mtaroni. Filamu ilitengenezwa kwa kamera moja na chakula cha kuombaomba, lakini Lubumbashi yetu iliicheka miezi mingi. Mama mmoja wa mtaani aliyeibiwa kuku alikuja kweli kunigongea mlango nimtafutie mwizi, na nilipomwambia kwamba ile ilikuwa filamu tu, alinitazama kama mtu anayekwepa kazi yake.

Miaka saba baadaye mwenzangu alikufa. Hakufa kishujaa. Ugonjwa wa sukari ulimtafuna polepole, na asubuhi moja hakuamka.

Hapa lazima nieleze jambo, maana vijana wa siku hizi wanalisahau. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani. Kwetu tunaita bunungwe. Maisha yote tulitukanana. Nilimwita mke wake "bibi yangu", yaani mke wangu, mbele yake, na mama yule aliniita bwana wa bure, mla bukari ya wenyewe, ndiyo ugali wetu. Siku mbili zikipita bila kutukanwa, nilijua nyumbani kwao kuna mgonjwa. Lakini utani huo una kazi yake, na kazi yenyewe ni siku ya kifo. Wafiwa wanapolia, mtani anacheka. Anamwiga marehemu, anatangaza uroho wake na woga wake, anaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chakula. Anaruhusiwa kila kitu isipokuwa kimoja, kulia.

Mimi nililia. Nilifika makaburini maneno yangu yote nimeyapanga, nikaiona kaske yake juu ya jeneza. Nililia mpaka watu wawili wakanishika. Mjane mwenyewe aliondoka mahali pake, akaja kunifuta uso kwa kitambaa chake.

"Nyamaza, papa," aliniambia. "Nyamaza."

Mwenzangu akazikwa bila kuchekwa. Na tangu siku ile mama yule hakunitukana tena. Tukikutana sokoni ananisalimia kwa adabu, ananiita papa, ananiuliza hali ya wajukuu. Asiye mtani hawezi kujua jinsi heshima ile inavyouma. Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilizunguka kwa barabara nyingine ili nisipite mlangoni kwake. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijiambia, na sikupata usingizi mzuri kwa kujiambia hivyo.

Ndipo akaja mwongozaji, msichana aliyetengeneza ile filamu ya kwanza. Familia yake ni wafanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini. Baba yake anauza mchele na sukari kwa jumla, na lori lake ndilo hubeba vifaa vya binti. Alikuja na karatasi za sehemu ya pili. Shujaa mmoja amepigwa risasi na wezi, aliyebaki anarudi kulipiza kisasi huku mgongo unamuuma. Nilikataa papo hapo. Nilimwambia magoti yangu hayako tena kwenye mambo ya filamu. Kisha, kwa adabu tu, nikafungua zile karatasi, nikakuta sehemu ya mazishi. Nilikubali kabla chai yangu haijapoa, na sababu sikumwambia.

Sitasema mengi juu ya mapigano. Sikuweza kuwakimbilia wezi, kwa hiyo wezi waliombwa wachechemee. Jambazi mmoja, kijana mwenye mwili wa kubeba magunia, ilimbidi aanguke mwenyewe wakati rungu langu bado liko hewani. Watu wote walicheka, nami nikacheka nao, lakini nilikuwa nikisubiri siku ya kaburi.

Kaburi lilichimbwa Kasungami, pembezoni mwa mji, katika kiwanja cha mjomba wake mwongozaji, pembeni ya mahindi. Majirani waliona jeneza linashushwa kwenye lori wakaja wenyewe. Wazee walivua kofia, akina mama wakajifunga vitenge na kuketi chini. Mmoja alianza kulia tangu barabarani, na alipokwisha kuketi ndipo akauliza nani amekufa. Walipoelezwa kwamba ni filamu hawakuondoka, walisema wameshafika. Mwongozaji alifurahi sana kupata waombolezaji wa bure.

Mjane naye alikuja. Alikuwa ameombwa atuazime kaske ya mumewe, akajibu kwamba ataileta mwenyewe. Aliketi kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele, kaske magotini.

"Bonjour, papa," alinisalimia.

Mwongozaji alinivuta kando. "Baba, hapa njo unalia. Mu filme ya kwanza bantu balicheka sana. Sasa tunataka balie na weye."

"Mi sitalia, mama."

"Kidogo tu, baba. Tuko na kitunguu."

"Nilishalia. Ile njo ilikuwa makosa yangu."

Hakuelewa, na sikumlaumu. Bunungwe yetu si ya kwao. Alidhani ni ukaidi wa uzee, na kusema kweli ukaidi nao ulikuwamo. Akarudi kwenye kamera akiwa amekasirika.

Nilisimama mbele ya lile jeneza tupu, na niliogopa. Niliogopa kuliko siku nyingine yoyote ya filamu zote mbili, kwa sababu kilio kilikuwa tayari kinakuja. Basi nikatoa kifua mbele, nikageuza visigino nje, nikatembea mwendo wake.

"Ati alikufa na risasi," nikasema. "Risasi gani? Huyu alikuwa anaogopa kuku. Jogoo akilia, anaingia mu nyumba, anafunga mulango."

Mjane hakuinua uso.

"Ku mugodi balimupa kaske sababu kichwa yake ilikuwa bure kabisa. Baliogopa upepo itaingia."

Mama mmoja wa Kasungami alipiga makofi mara moja, kisha mara nyingine. Wale waliojua utani walikuwa wameshaelewa ninachofanya. Nikashuka kaburini, magoti yakilia, nikajilaza chali juu ya udongo.

"Sitoki," nikasema. "Bibi yangu alete bukari na samaki. Bwana yake amekufa, mi niko muzima."

Nilipolala pale niliona mbingu tu na ncha ya kijiti cha maikrofoni. Kisha uso wa mama yule ukatokea juu yangu, na hilo halikuwamo katika karatasi.

"Toka mule, bwana ya bure," alisema. "Hata mu shimo ya bantu unaingia na njaa."

Watu walicheka, na mimi nilifurahi kiasi kwamba nilifumba macho. Yeye hakucheka. Aliinama karibu zaidi, akateremsha sauti.

"Siku ya kilio ya kweli ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nalia," nikamjibu.

"Nilikuona. Ulilia yako, ukalia na yangu. Mi nilikuwa tu nakupanguza macho. Kama hata mutani analia, ni nani atanishika? Tangu siku ile mi sijalia hata kidogo."

Muda wote ule nilidhani nimemkosea marehemu. Sikuwahi kumfikiria yeye, jinsi alivyorudi nyumbani na kufunga mlango akiwa na macho makavu.

Aliketi juu ya lundo la udongo, akaiweka kaske kando, akalia kwa sauti ambayo hakuna mwigizaji anayeweza kuitoa. Nilisikia mwongozaji akisema kamera izimwe. Nilisikia viatu vyake vikija mbio, na wanawake wa Kasungami wakimwambia amwache alie.

Nilitaka kupanda nimshike mkono. Machozi yangu yalikuwa yameshafika mlangoni. Nikauma mdomo, nikabaki mule ndani, nikadai bukari yangu kwa sauti kubwa zaidi. Nikasema bwana yake alikoroma mpaka panya wakahama. Nikasema alimposa kwa suruali ya kuazima. Kila niliposema, alilia zaidi, nami nikaendelea kumcheka mwenzangu, bila kamera, koo limekauka, mpaka mama yule alipomaliza.